Kuwalisha Wanyama wa Porini Kwahitaji Hesabu Kwanza

Katika jimbo la Texas, kusini mwa Marekani, kuna shughuli ambayo kwa Mkenya wa kawaida huenda ikaonekana kama mzaha. Mwenye ranchi huenda dukani akanunua chakula cha tembe, magunia kwa magunia, akakipeleka nyikani na kukimimina ndani ya mapipa makubwa yenye midomo chini. Chakula hicho si cha ng'ombe wake wala cha mbuzi wake. Ni cha ayala, mnyama wa porini ambaye kwa mujibu wa sheria ya jimbo hilo ni mali ya umma, na ambaye usiku akitaka aweza kuruka ua wa kawaida akaenda kulala kwa jirani. Ubavuni mwa gunia pamepigwa chapa ya kiwango cha protini: asilimia 16, pengine 18, pengine 20.

Nauleta mjadala huu kwa walimu na wanafunzi wa nchi hii si kwa ajili ya kustaajabia mambo ya Wamarekani, bali kwa sababu wazo lenyewe limekwisha kubisha hodi kwetu. Katika ukame wa 2022, marobota ya nyasi kavu yalibebwa kwa magari hadi Samburu na sehemu nyingine za kaskazini ili kuwaokoa punda milia wa Grevy. Wanafunzi waliziona picha hizo, na tangu hapo nimeulizwa mara kadha wa kadha, darasani na nje ya darasa, kwa nini tusiwe na mpango wa kudumu wa kuwalisha wanyama wetu wa porini, na kwa nini tusiwape chakula chenye protini kama wafanyavyo wenzetu. Swali ni zuri. Maoni yangu nayatoa mapema ili msomaji asiyatafute: kuwalisha wanyama wa porini wakati wa dharura kwaweza kutetewa, lakini mpango wa kudumu ni ufugaji uliovikwa jina la uhifadhi, na asiye na namna ya kupunguza idadi ya midomo hana haki ya kuuanza.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Kamusi nyingine humwita mnyama huyu kulungu au mbawala, na watafsiri wa Biblia walimwita ayala. Nimechagua ayala kwa makusudi, kwani kulungu wetu wa misitu ya Aberdare na Mlima Kenya ni wa ukoo mwingine kabisa. Kulungu ni jamaa ya ng'ombe na mbuzi. Pembe zake ni mfupa uliovikwa gamba, naye huzivaa maisha yake yote. Dume la ayala huangusha pembe zake kila mwaka na kuotesha nyingine, zenye matawi, katika muda wa miezi michache. Zinapoota huwa zimefunikwa ngozi laini iliyojaa mishipa ya damu, na hapana viungo vingi katika mwili wa mnyama yeyote anyonyeshaye vinavyokua kwa kasi kama hivyo. Pembe hiyo changa, ukiondoa maji, sehemu yake kubwa ni protini. Madini huingia baadaye ikikomaa. Hapo ndipo gunia la Texas linapopata maana yake. Wawindaji hulipa fedha nyingi kwa ajili ya pembe kubwa, na pembe kubwa hudai protini.

Kiasi gani? Ayala wa mkia mweupe aliyekomaa, asiye na mimba wala mtoto, aweza kujikimu kwa majani yenye protini ya asilimia 6 hadi 8. Jike anayenyonyesha, mtoto aliyeachishwa ziwa na dume anayeotesha pembe huhitaji kiwango cha juu zaidi, na wataalamu hutaja asilimia 16 kuwa ndicho kipimo cha ukuaji mzuri. Magugu na machipukizi baada ya mvua hufika huko, na mara nyingine hupita. Jua likichoma, majani hukomaa, huwa makavu, protini hushuka na nyuzi huongezeka. Chakula cha gunia hukusudiwa kuziba pengo hilo la majira, si kuchukua nafasi ya pori.

Hapa namwomba mwalimu wa Kemia asimame nami kidogo. Kiwango cha protini kilichoandikwa kwenye gunia aghalabu hakikupimwa kama protini. Kilichopimwa ni naitrojeni, kisha kikazidishwa kwa 6.25, kwa kuwa protini kwa wastani huwa na naitrojeni ya asilimia 16. Ndiyo maana huitwa protini ghafi. Ukitia yurea ndani ya chakula, kipimo kitapanda hata kama hukuongeza punje moja ya mashudu. Bakteria walioko tumboni mwa mnyama anayecheua waweza kuigeuza yurea kidogo kuwa protini, lakini ikizidi humdhuru mnyama. Kwa hivyo asomaye gunia asiridhike na tarakimu. Aulize protini hiyo imetoka katika mashudu ya soya, mashudu ya pamba, lusini, au imetoka kiwandani.

Naye mwalimu wa Kilimo atakuwa amekwisha kulitambua kosa la wengi, yaani kudhani kuwa kumwaga mahindi ni kulisha protini. Mahindi yana protini ya asilimia 8 au 9 tu. Ni wanga. Huko Texas mahindi humwagwa njiani kumvuta ayala aje mbele ya bunduki, na hilo ni jambo jingine kabisa. Tena wanga mwingi wa ghafla ni hatari. Mnyama anayecheua hamezi chakula akakiyeyusha mwenyewe. Amebeba tumboni mwake bakteria na vijidudu vingine vinavyomsagia, na vijidudu hivyo huwa vimezoea kile alichokuwa akila. Ayala aliyeshinda miezi akila vijiti na majani makavu, ukimpa debe la nafaka leo, tumbo lake hujaa tindikali na aweza kufa akiwa ameshiba. Katika majimbo ya kaskazini yenye theluji wamekutwa ayala waliokufa baada ya kulishwa na watu wenye huruma, matumbo yao yamejaa chakula ambacho hayakuweza kukitumia. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kuanza taratibu, kwa majuma kadhaa, tena kabla njaa haijawashika.

Basi tuchukulie kwamba mwenye ranchi amefanya yote hayo ipasavyo. Amechagua tembe zenye protini ya kweli, ameanza polepole, amezungushia hori zake ua mfupi ambao ayala huuruka lakini nguruwe na ng'ombe hawawezi. Sasa tuifanye hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi aweza kuifanya. Kila ayala akila nusu kilo tu kwa siku, ayala 100 watamaliza kilo 50, yaani gunia moja la kilo 50. Kwa mwaka ni magunia 365. Juu ya hayo kuna wageni wasioalikwa: ndege, panya, wanyama wadogo wadokozi, na mchwa wakilowana mvua. Isitoshe, madume wenye nguvu huwasukuma majike na watoto mbali na hori, hivyo mhitaji zaidi hupata kidogo zaidi. Waliozoea kazi hiyo hutawanya hori nyingi mbalimbali, na kila hori huwa na gharama yake.

Lakini fedha si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni idadi. Chakula kikiwa kizuri, majike huwa wanene, watoto wengi zaidi hunusurika, na mwaka unaofuata midomo huongezeka. Watafiti wa Taasisi ya Caesar Kleberg, iliyoko mjini Kingsville, Texas, waliwaweka ayala katika nyua za ekari 200 kila mmoja, baadhi wakilishwa na wengine wakiachwa wategemee pori, kwa idadi tofautitofauti. Waliolishwa walinawiri. Jambo ambalo lapaswa kutufikirisha ni kwamba ayala mwenye hori haachi kula porini. Hula tembe, kisha akaenda kuchagua mimea mitamu aipendayo, na kwa kuwa tumbo lake halimsumbui aweza kuchagua kwa madaha zaidi kuliko mwenye njaa. Hivyo anayedhani kwamba gunia litaipumzisha ardhi iliyochoka amejidanganya. Ardhi iliyolemewa na ayala wengi kupita kiasi, ukiiletea magunia, utakuwa umeiongezea mzigo.

Watexas wenyewe wanalijua hili, na wenye busara miongoni mwao huanza kwa kuhesabu ayala wao na kukagua vichaka, kisha huwinda majike ya kutosha kila mwaka ili idadi ilingane na malisho. Naomba msomaji aizingatie nukta hii, kwa sababu ndiyo inayotutenga nao. Wao wanashikilia vitu viwili kwa mikono miwili: gunia kwa mkono mmoja, bunduki kwa mwingine. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, nami siombi marufuku hiyo iondolewe. Nasema tu kwamba anayetaka kuiga mkono mmoja wa Mtexas hana budi kueleza mkono wa pili ataufanya nini.

Kisha kuna jambo la maradhi, ambalo lingetosha peke yake kumfanya mtu asite. Pori kwa kawaida huwatawanya wanyama. Hori huwakusanya, pua kwa pua, mate juu ya mate, siku baada ya siku mahali pale pale. Mwaka wa 1967, katika jimbo la Colorado, ayala waliokuwa wamefungiwa walionekana wakikonda, wakitokwa na mate, wakiyumbayumba hadi kufa. Leo ugonjwa huo wajulikana kuwa unaletwa na prioni, yaani protini iliyokunjika vibaya, ambayo huzikunja protini nyingine za ubongo zifanane nayo. Hauna chanjo wala tiba, na aliyeupata hapone. Prioni hutoka katika mate, mkojo na kinyesi, nazo hukaa udongoni kwa miaka mingi. Texas iliugundua kwake mwaka wa 2012, na hivi sasa umeripotiwa katika majimbo zaidi ya 30 ya Marekani. Ni kinaya kisichohitaji mshairi: watu wanawakusanya ayala ili wawape protini, na mkusanyiko huo huo wawapa protini nyingine inayowaua.

Michigan nako, tangu miaka ya 1990, kifua kikuu cha ng'ombe kimekuwa kikiishi miongoni mwa ayala wa kaskazini-mashariki mwa jimbo hilo, na miongoni mwa sababu zilizotajwa na wataalamu ni mazoea ya watu kumwaga marundo ya karoti, viazi sukari na mahindi kwa ajili ya kuwavutia na kuwalisha ayala majira ya baridi. Ng'ombe wa wakulima waliambukizwa. Serikali ya jimbo ililazimika kuwakataza watu jambo ambalo baba zao walilifanya wakiliita wema.

Nao mfano wa Wyoming ndio nimpendekezeao kila mwalimu atakayefundisha somo hili, kwani unaonyesha kazi ya kulisha inavyogeuka deni. Katika bonde la Jackson Hole kuna wapiti, ayala wakubwa wenye umbo la kama farasi mdogo. Mwanzoni mwa karne ya 20 mji na mashamba ya mifugo yalikuwa yamekwisha kukalia mabonde ambayo wapiti walikuwa wakishukia majira ya baridi. Walikufa kwa maelfu. Wakazi waliingiwa na huruma, nyasi zikanunuliwa, na mwaka wa 1912 serikali ikaanzisha hifadhi maalumu. Tangu hapo wapiti wamelishwa karibu kila majira ya baridi, kwanza nyasi kavu, baadaye tembe za lusini. Hapana anayeweza kusema kwamba waanzilishi walikuwa na nia mbaya. Hata hivyo, matokeo ni maelfu ya wapiti waliosongamana mahali padogo, ugonjwa wa brusela unaowatupisha mimba, ugonjwa ule wa prioni kugunduliwa miongoni mwa wapiti bondeni humo mwaka wa 2020, na mabishano yasiyokwisha kuhusu namna ya kuacha. Mpango wa 2007 ulikusudia kupunguza utegemezi huo hatua kwa hatua. Wapinzani wakauliza: ukiacha kuwalisha, si wataenda kula nyasi za ng'ombe na kuwaambukiza brusela? Zaidi ya karne moja imepita. Kizazi cha wapiti wanaoijua njia ya zamani hakipo, na bonde walilokuwa wakiliendea limejaa nyumba.

Niongeze neno moja kuhusu sumukuvu, kwani hilo twalifahamu kwa uchungu wetu wenyewe. Mwaka wa 2004, katika lililokuwa jimbo la Mashariki, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye aflatoksini na 125 wakafa. Mahindi yasiyomfaa binadamu hutafuta soko kwingine, na soko mojawapo huko Marekani ni chakula cha wanyama, ambacho kwa baadhi ya matumizi huruhusiwa kuwa na sumu hiyo kwa kiwango cha juu kuliko cha binadamu. Yakimwagwa chini yakanyeshewa, kuvu huendelea kumea, na ndege ndio huathirika upesi. Hapa kwetu, ambako hata gunia la ugali wa mwanafunzi bado halina uhakika, sioni ni nani atakayekagua gunia la swala.

Sasa nirudi nyumbani, kwa punda milia wa Grevy. Je, waliobeba marobota ya nyasi mwaka wa 2022 walikosea? La, hawakukosea, na nitaeleza kwa nini siwaweki katika kapu moja na wauza pembe. Punda milia huyu alikuwa na idadi ya takriban 15,000 katika miaka ya 1970. Leo amebaki kiasi cha 3,000 duniani kote, na zaidi ya asilimia 90 ya hao wako Kenya. Ripoti iliyotolewa na Wizara ya Utalii mnamo Novemba 2022 ilitaja wanyama waliokufa kwa ukame tangu Februari mwaka huo: nyumbu 512, punda milia wa kawaida 381, ndovu 205, nyati 51, twiga 12, na punda milia wa Grevy 49. Kifo cha punda milia wa kawaida 381 ni huzuni, lakini jamii yake itajazilia pengo mvua zikirejea. Vifo 49 miongoni mwa 3,000 ni jambo jingine, hasa wanapokufa majike wenye mimba. Hapa hapana dume anayenenepeshwa ili kichwa chake kitundikwe ukutani. Kuna jamii ya wanyama inayopitishwa mlangoni mwa mauti kwa miezi michache, kisha inaachwa iende zake.

Tena kilichopelekwa kilikuwa ni nyasi, si tembe zenye protini nyingi, na hilo lilikuwa sahihi. Punda milia hacheui. Chakula chake huchachuka katika utumbo wa nyuma, naye huishi kwa kula nyasi duni kwa wingi. Anachokosa wakati wa ukame ni wingi wenyewe. Swala twiga, kwa upande wake, hula majani ya miti akiwa amesimama kwa miguu miwili. Ukimwekea robota la nyasi atalipita. Ndovu ahitaji mzigo ambao hapana lori litakaloumudu kwa muda mrefu. Kwa hivyo anaposimama mtu akasema "tuwalishe wanyama", swali la kwanza ni mnyama yupi, na mwanafunzi aliyesoma mifumo ya umeng'enyaji aweza kulijibu vizuri kuliko wanasiasa wengi.

Mwalimu mmoja afundishaye kaskazini aliwahi kunikabili na swali ambalo sikulipuuza. "Mwalimu mwenzangu," alisema, "mbuzi wa mzazi wa mwanafunzi wangu wamekufa wote, karo haipo, na lori la nyasi lapita mbele ya boma lake likiwapelekea punda milia. Nimwambieje?" Ukame huo uliua mifugo zaidi ya milioni 2 katika kaunti kame za nchi hii, na watu zaidi ya milioni 4 walihitaji msaada wa chakula. Sitamwambia mzazi huyo kwamba punda milia ana thamani kuliko mbuzi wake. Maneno hayo huyasema watu wanaoishi mbali na boma. Nitasema kwamba lori linalowapita wafugaji bila kusimama linajenga uadui ambao punda milia ndiye atakayeulipia baadaye. Wanyama hawa hawaishi ndani ya mbuga zenye ua. Wengi wao hulala na kunywa maji kando ya mifugo, katika ardhi ya jamii, na usalama wao unategemea mfugaji kutowaona kama wapinzani. Mpango wowote wa nyasi usio na fungu la mfugaji, na usiowaajiri vijana wa pale pale kutawanya marobota na kuweka kumbukumbu, mimi ningeukataa hata kama punda milia wote watashiba.

Vilevile ningeukataa mpango usiojali kimeta. Kati ya Desemba 2005 na Machi 2006, ugonjwa huo uliwaua zaidi ya punda milia wa Grevy 50 katika eneo la Wamba, Samburu, na ilibidi wenzao wachanjwe. Vimelea vya kimeta hukaa udongoni miaka na miaka, na mnyama huvipata hasa anapolisha nyasi fupi zilizogusana na ardhi. Robota likiwekwa mahali pale pale kila siku, ardhi hukanyagwa ikabaki vumbi, kinyesi hurundikana, na mifugo hufuata. Mahali pa kuwekea pabadilishwe, pawe mbali na kisima, na mganga wa mifugo awe amepaona kabla ya robota la kwanza kushushwa.

Siandiki haya ili kuwakatisha tamaa wanafunzi wa vyama vya wanyamapori, ambavyo nchi hii imekuwa navyo tangu 1968 na ambavyo vimeilea fikra ya uhifadhi kuliko hotuba nyingi. Bali nataka wafanye kazi ngumu kidogo kuliko kuchanga shilingi. Tengenezeni fremu ya mbao yenye upana wa mita moja kila upande. Itupeni mahali kumi katika malisho yaliyo karibu na shule, bila kuchagua palipo pazuri. Kateni nyasi zilizomo, zikausheni, zipimeni. Kila gramu moja kwa mita mraba ni kilo 10 kwa hekta. Mkipata wastani wa gramu 100, basi hekta hiyo ina kilo 1,000. Acheni nusu kwa ajili ya udongo na mizizi, zabaki kilo 500. Punda milia wa Grevy mwenye uzito wa kilo 400 hula karibu kilo 8 za nyasi kavu kwa siku. Gawanyeni. Hekta hiyo itamtosha mnyama mmoja kwa siku 62, bila ng'ombe wala mbuzi. Kisha wahesabuni ng'ombe na mbuzi waliopo. Darasa litakalofanya hesabu hiyo Juni, likairudia Septemba, litakuwa limeelewa ukame kabla ya redio kuutangaza.

Na litauona pia upande wa pili wa mambo, ambao marobota huuficha. Nyasi za Baringo hazikumalizwa na jua peke yake. Mathenge ameyavamia malisho, na twajua kwamba mti huo uliletwa kwa nia njema ya kuzuia jangwa. Njia za wanyama zimekatwa na nyua. Kila shilingi iliyonunua robota katika mwaka wa njaa ingefaa itafute mwenzake wa kung'oa mathenge na kupumzisha malisho katika mwaka wa shibe, ila michango huja tu picha za mizoga zinapoonekana.

Basi kabla ya kiangazi kingine, naliomba Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) pamoja na serikali za kaunti za Samburu, Isiolo, Marsabit na Laikipia zitoe waraka mfupi, kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, unaosema ni wanyama wa jamii gani watakaolishwa, ni hali gani ya malisho itakayoruhusu kuanza, nani atakayekagua nyasi, mfugaji atapata fungu gani, na ni kiasi gani cha mvua kitakachokuwa ishara ya kuacha. Waraka huo ubandikwe shuleni. Mwanafunzi atakayeona lori likiendelea kushusha marobota majuma sita baada ya nyasi kuota awe na karatasi mkononi ya kumwuliza dereva ametumwa na nani.